Masizi ya Lori la Mwanzia

Mwanangu Mwanzia aliondoka mwezi wa tano akarudi mwezi wa pili, na hata huko kurudi hakurudi kwa ajili yangu. Alirudishwa na lori lililokosa pumzi.

Ninaandika haya kwa mama mwenzangu mwenye mtoto wa barabarani, asije akafanya nilivyofanya mimi. Sitaki kuonewa huruma. Soma mpaka mwisho, halafu umtazame mtoto wako.

Mwanzia alikuwa dereva wa shirika moja la misaada. Walikuwa wakipeleka mahindi na mafuta ya kupikia Lokichogio, kwa watu waliokimbia vita vya Sudan. Kutoka Nairobi mpaka huko ni siku tatu, nne, na ukifika wanakutuma ndani zaidi. Miezi tisa sikumwona. Nilipata salamu tu kutoka kwa madereva wenzake waliopita hapa mjini: "Mwanzia anasema hajambo." "Mwanzia anasema usimwekee chakula cha Krismasi, hataweza kuja." Nikamtumia jibu achunge kazi, kazi ni adimu, lakini chakula nikamwekea. Nilipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwa kunde, nikafunika sahani kwa sahani nyingine, ikakaa mezani mpaka siku ya pili, ndipo nikampa mtoto wa jirani.

Kulikuwa na shati lake moja la bluu aliloacha. Kila Jumamosi nililifua nikalianika, na halikuwa chafu. Kamba yangu ya nguo bila kitu cha Mwanzia ilikuwa imekaa vibaya machoni.

Baba yake, Kiema, alikuwa ameacha kuchonga vinyago pale Pumwani, akarudi nyumbani Mbooni kwa mizinga yake ya nyuki. Mimi nikabaki Shauri Moyo kwa sababu ya biashara yangu ya nguo za watoto Gikomba. Kwa hiyo ile nyumba ya chumba kimoja ilikuwa yangu mimi na redio.

Sasa, Jumatano moja, saa nane mchana, nasikia honi nje. Honi ndefu, ya fujo. Natoka nimeshika mwiko, nakuta lori jeupe limeziba njia yote, na kichwa kimetoka dirishani, chekundu kwa vumbi.

"Mathe! Uko na chai ama nirudi Loki?"

Nilitaka kulia, nikamgombeza. "We mtoto! Unapigia nani honi hapa? Huoni watu wana watoto wamelala?"

"Napigia mamangu. Umemwona? Mama fulani mnene, mkali."

"Mnene ni bibi yako utakayemwoa. Shuka!"

Akashuka. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku. Akanikumbatia mbele ya watu, nami nikamwacha. Akinitania huniita mathe, kama vijana wote wa huku Eastlands; akiwa na jambo la moyoni huniita mwaitu, kama tunavyoitana kwetu Ukambani. Pale akaniambia sikioni, "Mwaitu, nimechoka."

Nikamkalisha, nikampa chai na mkate. Nikamwuliza, "Umepewa siku ngapi?"

"Sijapewa siku. Lori ni gonjwa. Likipona naenda." Akameza chai. "Linatoa moshi mweusi kama sufuria ya kuni, na mlimani linatambaa. Pale Kinungi nimepitwa na mkokoteni wa punda."

"Muongo wewe."

"Punda wawili, mathe. Na mmoja alikuwa anachechemea."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Lakini nilikuwa nimeshasikia lile neno: likipona naenda.

Lori lenyewe lilikuwa mtumba wa Ujerumani, zawadi ya kanisa fulani la huko. Mafundi wa shirika kule Loki walikuwa wamelihangaikia wiki nzima. Walibadilisha chujio la dizeli, wakafungua pampu, wakasafisha nozeli, moshi ukabaki uleule. Mkubwa wao wa magari hapa Nairobi, bwana mmoja anaitwa Gedi, akachoka nalo. Mwanzia akamwambia anamjua fundi Shauri Moyo anayeweza kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Gedi akasema, "Lipeleke, mimi nimeshindwa."

Fundi huyo ni Faki. Yeye na mkewe Muhiba ni majirani zangu, mlango kwa mlango, miaka kumi na mbili. Gereji yake ni uwanja tu, nyuma ya Soko la Burma, moshi wa nyama choma ukitoka upande huu na moshi wa kuchomelea vyuma upande ule. Faki aliingia chini ya lori na gunia la kulalia, akagonga hapa, akagonga pale. Akafika kwenye ekzosi. Mahali ambapo malori mengine yana sailensa ya kawaida, hili lilikuwa na pipa nene la chuma. Akalifungua bolti moja moja, akalishusha, akafungua kifuniko, akatuita mimi na Mwanzia tuliokuwa tumekaa pembeni.

"Mwanzia! Mama Mwanzia! Njooni muone vitu vya Mzungu!"

Ndani ya pipa mlikuwa na gogo la kitu kama udongo uliochomwa, duara, ukubwa wa kinu. Na gogo lote lilikuwa matundu, matundu madogo ya pembe nne, maelfu, yamejaa masizi.

"Hili ni sega," Mwanzia akasema. Mtoto wa mfuga nyuki, angesema nini kingine?

Faki akachukua waya mwembamba akachokoa tundu moja. Haukutokea upande wa pili. Akachokoa lingine. Akageuza gogo, akachokoa kutoka nyuma. Akakaa chini kabisa, akaanza kucheka peke yake.

"Wallahi, hawa watu! Tundu lililo wazi huku limezibwa kule. Lililo wazi kule limezibwa huku. Moshi unaingia, unakuta mlango umefungwa, inabidi upenye ukutani. Masizi yanabaki, hewa inatoka safi. Wamechuja moshi kama chai!"

"Na majani ya chai hayajamwagwa," Mwanzia akasema.

"Hayajamwagwa tangu litoke kwao. Injini haina pa kutolea pumzi. Mwanzia, umekuwa ukiendesha mtu aliyezibwa pua."

Mwanzia akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya shirika, Industrial Area, kumweleza Gedi. Mimi nikamletea Faki chai. Na hapa ndipo kosa langu lilipoanzia, kwa hiyo nitaandika maneno yote kama yalivyosemwa.

Nilimwuliza, "Sasa itakuwaje?"

"Rahisi. Nalivunja hili gogo kwa mtaimbo, nalitoa lote, narudisha pipa tupu. Moshi unapita. Saa kumi na moja lori linaondoka."

"Saa kumi na moja ya leo?"

"Ya leo, inshallah."

Nilimwongezea chai ambayo hakuiomba. Kiema alikuwa ametuma habari kwamba anakuja Jumamosi na basi. Yeye pia hakuwa amemwona mtoto miezi tisa. Na mimi nilikuwa nimempata kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Kulichoma polepole kwa makaa, liwake ndani taratibu masizi yageuke majivu, lipoe, nilipulize kwa pampu ya upepo kutoka nyuma. Halafu tena. Ukiharakisha linapasuka. Siku tatu hivi." Akatikisa kichwa. "Lakini sikushauri. Kitu hiki kilitengenezewa mafuta ya kwao. Dizeli yetu hii ni chafu, kitaziba tena, na sitaweza kutoa masizi yote. Kikiziba kinashika moto ndani, Mama Mwanzia. Moto si wa mchezo."

"Faki, lisafishe."

Akanitazama. "Ni lori la watu."

"Na yule ni mtoto wangu."

Akaweka kikombe chini. Mwaka ule Sundus, binti yao, alipopata surua, Muhiba akiwa Mombasa kwa mazishi ya mama yake, mimi ndiye niliyemlaza kitandani kwangu siku tisa. Sikulitaja jambo hilo. Niligeuza tu uso upande wa nyumba yao.

"Umenifunga mikono," Faki akasema.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana nasema umenifunga."

Mwanzia akarudi na Gedi ndani ya pikapu ya shirika. Gedi ni Msomali mrefu, mwenye haraka, asiyekaa chini. Hata salamu alizitoa akitembea.

"Fundi, lori saa ngapi?"

Kabla Faki hajafungua mdomo, mimi nikajibu. Nikasema fundi amesema lile gogo lisitolewe, lisafishwe lirudishwe. Na ili wakubali, nikaongeza neno ambalo si langu. Nikasema, "Hata kwetu, mtu akirina asali hatoi masega yote. Ukimaliza masega, nyuki wanahama, unabaki na gogo tupu. Kilichotengenezwa na mwenyewe kina sababu yake."

Mwanzia akaitikia mara moja. "Kweli. Mzee husema hivyo kila mwaka. Acha sega, mzinga uishi."

Gedi akacheka. "Mama, hii ni injini. Nyuki wako wapi?"

"Sijui mambo ya injini. Nasema alivyosema fundi."

Wote wakamtazama Faki. Faki akapangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu, kidole kwa kidole. "Linaweza kusafishwa," akasema. "Siku tatu."

Gedi akafyonza. "Mahindi nitapakia lori jingine. Mwanzia, Jumatatu alfajiri. Ikipita Jumatatu nalitafutia lori dereva, na dereva namtafutia mlango."

Ndivyo nilivyopata siku zangu. Nitasema ukweli, zilikuwa tamu. Alhamisi sikwenda Gikomba. Mwanzia alilala mpaka adhuhuri, nami nikakaa kwenye kigoda nachambua mchele polepole, narudia sinia moja mara tatu, nisikie akikoroma. Ijumaa tukaenda Burma tukanunua mbavu za mbuzi, akanishika mkono tukivuka Jogoo Road, kana kwamba mimi ndiye mtoto. Akanionyesha namna watu wa kule wanavyobeba kigoda kidogo cha mti kila waendako, wakilala kinakuwa mto. Niliomba siku irefuke. Na kila tulipopita gereji nikaona lile gogo juu ya makaa, Faki ameinama akilichungulia, nikageuza macho.

Jumamosi Kiema akafika na debe la asali na mzigo wa viazi vitamu. Alipomwona mtoto alimpiga kifua kwa kiganja, mara mbili, kama anayepima mti kama unafaa kuchongwa. Tukala watu watatu kutoka sinia moja. Nani alikuwa kama mimi?

Kiema akauliza, "Hilo lori liliumwa nini?"

"Sega lilijaa masizi, mzee. Fundi alitaka kulisafisha, na mathe akaeleza vizuri: usitoe masega yote, kama mzinga."

Kiema akaacha kutafuna. Akanigeukia. "Mzinga una nyuki wa kulijenga tena. Chuma kina nani?"

"Kula," nikamwambia, "chakula kinapoa."

Mwanzia akacheka akadhani tunataniana.

Jioni ya Jumamosi hiyo Faki akabisha. Hakuingia. Akaniita kizingitini, akasema kwa sauti ndogo.

"Nimelifunga. Limepungua, halijaisha. Mama Mwanzia, mwambie mwanao mambo mawili. Likianza kukosa nguvu mlimani, asilazimishe, asimame. Na akisimama, asiegeshe kwenye majani makavu. Asimame penye lami au mchanga. Lile pipa litakuwa kama jiko. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ningemwambia mwenyewe, lakini akiniuliza kwa nini sikulitoa, nitamjibu nini?"

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Jumamosi sikutaka kumharibia baba yake chakula. Jumapili tulikuwa kanisani, halafu wageni wakaja kumwona. Kila nilipofungua mdomo niliona lile swali likinijia: mama, kama fundi alijua hivyo, kwa nini alilirudisha? Na jibu lilikuwa mimi. Nikajiambia Faki atakuwa amemdokezea. Nikajiambia madereva wanajua mambo yao. Mtu akitaka kunyamaza hakosi la kujiambia.

Jumatatu alfajiri lori lilikuwa likinguruma nje, sauti nzuri, nyepesi. Mwanzia akapanda. Nikaenda mpaka mlangoni pa lori, nikashika kile chuma cha kukanyagia. Maneno yalikuwa mdomoni.

"Mwanzia."

"Naam, mathe."

"Umebeba sweta?"

"Nimebeba."

"Haya. Nenda."

Jumanne, saa tano asubuhi, Gedi akaja mwenyewe. Safari hii alikaa. Nilipomwona amekaa, nikazima redio.

"Mama, kwanza ni mzima," akasema. "Sikia hilo kwanza."

Halafu akaeleza. Walipakia Nairobi, akapita Nakuru vizuri. Baada ya hapo ni kupanda, kupanda, kupanda. Karibu na Timboroa lori likaanza kutambaa tena. Nyuma yake magari yakapanga mstari, watu wanampigia honi. Mwanzia, kwa adabu yake, akaona awapishe. Akatoka lami akaegesha pembeni. Ilikuwa mwezi wa pili. Majani pembeni ya barabara yalikuwa makavu, yamefika magotini.

Alishuka kuangalia injini. Alipoinama akakuta lile pipa jekundu kama kaa la moto, na majani yameshaanza. Akapiga teke udongo, akarusha maji yake ya kunywa. Moto ukashika tairi. Juu kulikuwa na makopo ya mafuta ya kupikia. Msaidizi wake akakimbia kuzuia magari. Mwanzia akapanda kufungua turubai atupe makopo chini kabla moto haujafika. Alitupa mengi. Kamba za turubai zilikuwa za nailoni. Ziliyeyukia mikononi mwake.

"Mikono tu," Gedi akasema. "Yuko hospitali Eldoret. Mikono tu, mama."

Kwa dereva, mikono tu.

Tulikwenda, mimi na Kiema. Tulimkuta amelala chali, mikono imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko, miwili, kama watoto wawili wamelazwa juu ya tumbo lake. Akafungua macho.

"Mathe," akasema, "sweta nilivaa."

Nikatoka nje.

Alirudi nyumbani mwezi wa nne. Ngozi ilipona, lakini vidole havikunjiki vizuri. Hawezi kushika usukani akaukaza, hawezi kufunga kifungo. Shirika lilitaka kujua kwa nini dereva mwenye akili zake aliegesha lori kwenye majani makavu. Akawajibu hakujua. Gedi alimtetea, nasikia alipiga hata meza, lakini barua ya kumwachisha kazi ikaja vilevile. Faki alikuja kila Ijumaa baada ya swala, anakaa na Mwanzia, wanazungumza habari za mpira. Hakunisaliti. Akiondoka alikuwa akinitazama mara moja tu, na mimi nilijua anachosubiri.

Basi nikawa na mwanangu kila siku. Nilimlisha kwa kijiko wiki za mwanzo, nikamfunga vifungo vya lile shati la bluu. Asubuhi anaenda kukaa kwenye ukingo wa Jogoo Road, anasikiliza malori. Anajua kwa mlio: hili limebeba simiti, hili halina kitu, hili dereva wake ni mgeni, anachelewa kubadilisha gia. Akirudi amechoka kama aliyekuwa safarini. Nikimwongelesha anajibu, lakini anajibu kutoka mbali. Alikuwa ameketi mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana, nami nikawa namtamani kuliko alipokuwa Loki.

Jumapili moja mwezi wa sita sikuweza tena. Tulikuwa tumemaliza chai. Nikamwambia yote. Saa kumi na moja ya Jumatano. Makaa. Nyuki. Maneno ya Faki kizingitini. Sikupunguza wala sikujipamba.

Nje watoto walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpira wa makaratasi ukagonga mlango wetu, hakuna aliyegeuka.

"Faki alisema majani makavu? Kwa maneno hayo hayo?"

"Kwa maneno hayo."

"Na wewe ukaniuliza sweta."

"Ndiyo."

Akatazama vidole vyake. Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane.

"Mwaitu," akasema, "nilikuwa na siku arobaini za likizo."

Sikuelewa.

"Za mwaka mzima. Gedi alinishika Jumatano hiyo hiyo, pale ofisini, akaniambia Mwanzia, chukua siku zako, umekuwa mifupa. Nikamwambia hapana, mama anataka nifanye kazi. Kila salamu uliyonitumia ilikuwa hiyo: chunga kazi, chunga kazi, kazi ni adimu. Miezi tisa hakuna dereva aliyeniletea neno kwamba unanitaka nyumbani. Nikadhani umenizoea nikiwa mbali."

"Mimi?" nikasema. "Mimi, Mwanzia?"

"Sasa ningejuaje? Ungesema kaa, ningekaa. Mwezi mzima na siku kumi. Faki angevunja lile gogo saa hiyohiyo, mtu mwingine angeliendesha, na mimi ningekuwa hapa nakula mbavu." Akageuza mikono yake viganja juu. "Neno moja, mwaitu. Kaa."

Nilikuwa nimeogopa nikimwambia abaki ataniona mama mzigo, mama wa kumfunga mtoto kamba mguuni. Nilipokuwa mdogo hakuna aliyeniambia kaa, na mimi sikumwambia mtu. Tulipendana kwa kupikiana. Kiema mpaka leo ananionyesha kwa viazi vitamu. Kumbe mtoto hawezi kusoma sahani iliyofunikwa akiwa maili mia tano mbali.

Hakunikasirikia kwa kelele. Alikwenda kwa Faki, wakakaa mpaka giza likaingia, sijui walisema nini. Kwa wiki mbili alinijibu kwa neno moja moja. Halafu mwezi wa saba ndugu yake Faki akamtafutia kibarua kwenye mizani ya malori huko Mariakani, njia ya Mombasa, kazi ya kusoma namba na kuita kwa sauti, karani mwingine anaandika. Haitaki vidole. Na malori yanapita mbele yake mchana kutwa. Alipoisikia tu, niliona uso wake umefunguka, mara ya kwanza tangu Timboroa, nikajua anaondoka.

Siku ya kwenda nilimsindikiza mpaka stendi ya mabasi. Nikamwambia, "Mwanzia, nataka ukae. Najua huwezi, kazi ni kazi. Lakini nataka ujue ndivyo ninavyotaka. Na ukienda, nataka urudi. Nisikie ukiniahidi."

Watu walikuwa wakisikiliza, mwenye tikiti amesimama na mkono umenyooka. Mwanzia akaniangalia kama anayeniona kwa mara ya kwanza, nusu anacheka.

"Nimesikia, mwaitu," akasema. Akapanda.

Hajarudi bado. Hajasema kama amenisamehe, na mimi simlazimishi.

Kwa hiyo mama mwenzangu, nakuonya mambo haya. Fundi akikupa neno la kumpelekea mtoto wako, mpelekee saa hiyohiyo, hata kama litakuaibisha. Usichukue maneno mazuri ya wazee ukayavika jambo lisilo lao. Na ukimtaka mtoto wako nyumbani, usivizie lori liharibike. Mwambie kwa mdomo wako.

Madereva wa Mombasa hula pale Burma, na sasa naenda kila Ijumaa kuwatafuta. Wananijua, wananitania kwamba Mama Mwanzia hana haya. Wiki iliyopita mmoja akaniuliza ninamtumia Mwanzia nini, sabuni, unga, au sweta za mtumba?

"Mwambie mama yake anamtaka nyumbani," nikamwambia.

Akangoja, ameshika ufunguo wa lori. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Na usisahau."